Droni ya chambo, Muriwai: shajara ya mradi

Mwishoni mwa Agosti

Mradi ni huu: kuunda nyumbani droni itakayobeba chambo kutoka mchangani, ivuke mawimbi, iachie mshipi, irudi. Mahali ni Muriwai, ufukwe wa magharibi wa Auckland, New Zealand. Bahari ya Tasman haina adabu hapa. Mawimbi yanaanza kuvunjika mbali, safu baada ya safu, na mrushaji hodari wa fimbo akifikisha chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) mita 100 atalizungumzia hadi mwaka mpya. Sisi wengine ni mita 70, na bega linauma kesho yake.

Msaidizi wangu ni shemeji, mtu wa Bukavu. Yeye samaki anaowajua ni sambaza wa Ziwa Kivu, wanaovuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa magogo. Mimi ni wa Tanga, nimekulia kwenye mishipi ya mkononi. Kwa hiyo tuna maoni mengi na uzoefu wa bahari hii ni kidogo.

Wazo la kumpelekea samaki chambo kwa njia ya hewa si la leo. Wavuvi wa visiwa vya Solomon walirusha vishada vya majani, chini yake chambo cha utando wa buibui kikirukaruka juu ya maji. Samaki mwenye mdomo mrefu anang'ata, meno yananasa kwenye utando, ndoana haihitajiki. Hapa New Zealand kuna kontiki, chelezo kidogo kilichosukumwa na upepo wa bara huku kikivuta mshipi wenye ndoana nyingi. Jina lilitokana na Kon-Tiki, chelezo ambacho Thor Heyerdahl, mtafiti wa Norway, alisafiri nacho Pasifiki mwaka 1947. Siku hizi kontiki ni bomba lenye mota ya umeme, na bado ziko nyingi ufukweni. Droni imekuja juu ya mazoea hayo, ndiyo maana wenyeji hawaishangai.

Wiki ya pili ya Septemba

Fremu imefika: karboni, mikono sita. Nimechagua sita badala ya minne kwa sababu mota moja ikifa juu ya maji, zilizobaki zina nafasi ya kuirudisha, hata kama ni kwa kuyumba. Ubongo ni bodi inayoendesha ArduPilot, programu huria ya kuongoza droni. Betri ni za seli sita, volti 25.2 zikijaa. Vyote pamoja, bila chambo, vinakaribia kilo tatu na nusu.

Kazi kubwa ya wiki ilikuwa mfumo wa kuachia. Toleo la kwanza ni rahisi: pini ya chuma cha pua ya milimita 3, mota ndogo ya servo inaivuta, kitanzi cha mshipi kinadondoka. Mezani inafanya kazi vizuri kiasi cha kuudhi. Lakini mezani hakuna chumvi, wala mshipi uliokazwa na mawimbi. Kitanzi kikivutwa kwa pembeni pini inakwama, na servo ya bei hii haina nguvu ya kubishana.

Kwa hiyo kuna mfumo wa pili chini ya wa kwanza: kibanio kinachojifungua chenyewe mvuto ukizidi kiwango. Nimekipima kwa mizani ya kuning'iniza samaki na kukiweka kilo 1.2. Kama servo imegoma, au rili (gurudumu la kukunjia mshipi) imejisokota na mshipi umesimama ghafla, kibanio kinaachia kabla droni haijavutwa baharini. Mtu akiniuliza sehemu gani asifanyie ubahili, ni hii. Mota zinauzwa kila mahali. Droni iliyofungwa kwenye mshipi usioachia haielei.

Plastiki ya vipande vya kuchapa kwa printa ya 3D ni PETG. Ile ya PLA inalainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hilo halina shida kufika.

Wiki ya nne ya Septemba

Hesabu ya upepo. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na nafikiri ndipo mradi wa namna hii unapoamuliwa.

Kila mtu anauliza droni inabeba kilo ngapi. Mzigo wenyewe ni mdogo: chubwi gramu 170, ngisi na ndoana gramu 150, jumla haifiki hata theluthi ya kilo. Shida ni mshipi. Chukua nailoni nene ya milimita 0.7, itandaze mita 300 hewani. Ukiutazama kwa ubavu, uzi huo una eneo la mita za mraba 0.21, sawa na trei kubwa ya chai. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiupiga ubavuni unausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1.4. Sehemu ya nguvu hiyo inaishia kwenye fimbo, lakini inayobaki inaning'inia kwenye droni, tena kwa pembeni, ambako ni vigumu zaidi kuipinga.

Badili uzi uwe wa kusuka, milimita 0.3, na nguvu inashuka hadi kilo 0.6. Upepo ukipungua nusu, nguvu inakuwa robo yake: gramu 150 tu. Ukipunguza umbali nusu, nguvu nayo inapungua nusu. Ukiweka hesabu hizi kwenye karatasi moja unaona kwamba betri kubwa ndiyo njia ghali kuliko zote ya kwenda mbali. Uzi mwembamba na siku tulivu havina gharama hiyo.

Nimeagiza mshipi wa kusuka. Mbele yake nitafunga mita chache za nailoni nene, maana uzi wa kusuka ukisuguana na mchanga na magamba ya chaza haudumu.

Mwanzo wa Oktoba

Sheria, kwa ufupi. Mamlaka ya anga ya hapa, katika kanuni zake za Part 101, inaruhusu droni ya chini ya kilo 25 kwa masharti: isizidi mita 120 juu, iruke mchana, rubani aione kwa macho yake mwenyewe muda wote, ikae kilomita 4 kutoka viwanja vya ndege, isipite juu ya watu bila ridhaa yao, na kinachodondoshwa kisihatarishe mtu wala mali. Hilo la macho ndilo linalouma. Droni ya ukubwa huu ikiwa mita 400 baharini, juu ya povu jeupe, ni nukta. Upepesapo jicho imepotea. Kwa hiyo wanaojisifu kwa mita 800 nawasikiliza kwa heshima tu.

Kaskazini mwa ufukwe huu, upande wa Kaipara, kuna uwanja wa mazoezi ya silaha wa jeshi la anga, na anga yake imezuiliwa. Kusini, karibu na maegesho, kuna koloni la ndege wa baharini wanaoitwa tākapu, wanaozaliana juu ya majabali kuanzia Agosti. Sisi tunakaa katikati, mbali na wote wawili. Pia pwani hii ni makao ya pomboo wa Māui, waliobaki makumi tu duniani. Droni hairuhusiwi kumkaribia mnyama yeyote wa baharini anayenyonyesha, kama pomboo, chini ya mita 150. Shemeji akiona pezi, mimi narudisha droni. Hatujadili.

Kwa samaki: snapa, ambaye Wamaori wanamwita tāmure, ni kumi kwa mtu kwa siku upande huu wa magharibi, na asiwe chini ya sentimita 27, kipimo kikichukuliwa kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye uma wa mkia. Mshipi mrefu unaruhusiwa ndoana hadi 25 kwa mtu. Shemeji alipolisikia hilo macho yalimng'aa. Nimemwambia droni yetu itabeba mbili.

Nitaje na Afrika Kusini, kwa kuwa kuna ndugu waliopo Durban wanaoweza kusoma hapa wakashawishika. Huko msijaribu. Februari 2022 idara ya misitu, uvuvi na mazingira ilitangaza wazi kwamba kuvua kwa droni au kwa boti za rimoti ni kinyume cha sheria. Msingi wake ni sheria ya rasilimali za bahari ya 1998: kibali cha uvuvi wa burudani kinahusu fimbo, rili na mshipi vinavyoendeshwa kwa mkono. Huko uvuvi wa ufukweni ni utamaduni mkubwa na biashara ya droni ilikuwa imeshakua, kwa hiyo kelele zilikuwa nyingi. Binafsi naielewa idara hiyo. Kuna samaki ambao kinga yao pekee ilikuwa kwamba mkono wa mtu hauwafikii.

Katikati ya Oktoba

Majaribio ya kwanza ufukweni, bila ndoana. Chubwi tupu.

Mchanga wa Muriwai ni mweusi kwa sababu umejaa madini ya chuma. Weka sumaku juu yake, inaota ndevu. Sasa ndani ya kila mota ya droni kuna duara la sumaku kali, na mapanga yakianza kuzunguka karibu na ardhi yanavuta vumbi hilo moja kwa moja mahali pasipotakiwa kufika hata punje. Dira nayo haipendi chuma. Kurukia kwenye bodi ya gari hakusaidii, kwani gari nalo ni chuma. Suluhisho letu ni meza ya plastiki ya kukunja, miguu imezikwa kidogo mchangani, mbali na gari. Watu wanaopita wanadhani tunauza vitafunwa.

Kuruka kwenyewe hakuna la kusimulia. Rili ikiwa imeachiwa, shemeji anaweka kidole gumba juu ya uzi ili usikimbie kuliko droni. Bila kidole hicho rili inapitiliza na uzi unajisokota, na hapo ndipo kibanio cha kilo 1.2 kilipojilipia gharama yake. Tunakwenda mita 15 hadi 20 juu ya maji. Chini ya hapo wimbi kubwa linakaribia, juu ya hapo tunaongeza uzi hewani bure.

Mpangilio mmoja wa programu nimeugusa. Betri ikipungua au rimoti ikipoteza mawasiliano, ArduPilot inarudisha droni yenyewe nyumbani. Ni jambo jema, isipokuwa kama bado imeshika mshipi: itarudi ikiuburuta uliolegea, na kitanzi kinaweza kupanda kwenye mapanga. Kuna chaguo la kuachia mzigo kwanza pale dharura inapoanza. Limewashwa.

Mwisho wa Oktoba

Maji yamepata joto kidogo na snapa wanasogea pwani. Tumefunga ndoana za duara, zile zinazonasa kwenye pembe ya mdomo badala ya kumezwa. Chubwi ni la waya nne zinazojikita mchangani na kufunguka ukivuta kwa nguvu. Bila waya hizo mkondo wa pembeni unausukuma mshipi hadi unarudi ufukweni ukiwa umejipinda kama upinde.

Tumedondosha mita 300 na zaidi kidogo, kwa sababu tunaweza. Matokeo: papa wadogo, mwani, na muda mrefu wa kutazama ncha ya fimbo. Kukunja mita 300 za mshipi huku mawimbi yakivuta ni kazi ya shamba. Na samaki mdogo aliyeburutwa umbali huo hafiki akiwa na nguvu. Kisheria unamrudisha majini, lakini ukimtazama anavyoondoka unajua safari yake si ndefu.

Shemeji, akiwa amekaa juu ya ndoo: "Shemeji, samaki iko apa karibu. Ule ndege inawaruka."

Wiki ya pili ya Novemba

Nimefunga kamera ndogo ikitazama chini. Nia ilikuwa kuhakikisha kitanzi kimeachia. Picha zimeonyesha jambo lingine.

Ukisimama mchangani, bahari ya Muriwai ni ukuta wa povu. Ukiwa mita 60 juu yake, wakati maji yamekupwa, ni ramani. Kuna fungu la kwanza la mchanga karibu, mawimbi yakivunjika juu yake meupe. Kisha mfereji: maji meusi, laini, sambamba na ufukwe. Kisha fungu la pili, jeupe tena. Na kila baada ya umbali fulani fungu la nje limekatika, na kwenye pengo hilo maji yote yaliyosukumwa ndani na mawimbi yanatoka kwa kasi, yakiwa na rangi ya mchanga uliotibuliwa. Ndiyo mikondo ile inayowachukua waogeleaji. Ndiyo pia inayobeba kaa, chaza waliofukuliwa na kila kitu kinacholiwa.

Mfereji wetu ulikuwa kati ya mita 110 na 160 kutoka ukingo wa maji. Mita 300 zetu zilikuwa zinadondoka nyuma ya fungu la nje, kwenye uwanda wa mchanga mtupu.

Utaratibu sasa ni huu. Tunafika maji yakiwa yamekupwa. Droni inapanda bila mshipi, naitazama kwa macho, inapiga picha kadhaa kuelekea kaskazini na kusini, inashuka. Tunazisoma picha mezani, tukiwa tumekaa, maana rubani anayetazama skrini haitazami droni. Tunachagua pengo, tunahamisha meza hadi mbele yake, tunasubiri maji yaanze kujaa. Ndipo mshipi unakwenda, mita 130 au 140, na droni inazimwa.

Matokeo ya utaratibu huu si ya kulinganisha na yale ya mwanzo. Snapa wa sentimita 35 hadi 45, kahawai wanaoruka juu ya maji, na kumukumu mmoja mwekundu aliyekuwa akikoroma ndani ya ndoo, jambo lililomfanya shemeji amrudishe baharini kwa heshima ingawa kipimo alikuwa nacho.

Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na maji mafu (yale madogo ya katikati) vinaleta tofauti kubwa. Wakati wa bamvua mkondo kwenye pengo ni mkali mno, hata chubwi la waya linatembea. Siku mbili tatu baada yake ndizo tunazozipenda. Na ramani haidumu: dhoruba moja ya magharibi ikipita, fungu linahama na mfereji wa wiki iliyopita unakuwa kilima. Picha za zamani zinafaa kwa mazungumzo tu.

Mwanzo wa Desemba

Ndege. Chambo kinachoning'inia chini ya droni shakwe wanakiona kutoka mbali, na chambo kinachoelea baada ya kudondoka kinaonekana zaidi. New Zealand ina aina nyingi za ndege wa baharini kuliko nchi nyingi, wengine wako hatarini, na ndege aliyenasa kwenye ndoana mita 300 kutoka ufukweni anazama kabla hujamaliza kukunja. Hatua tulizochukua: chubwi zito lishuke haraka, ngisi aliyeyeyuka barafu kabisa ili asielee, na tukiona kundi la ndege linazunguka, chambo hakiruki. Umbali mfupi nao unasaidia. Mita 130 unaweza kumfikisha ndege mkononi akiwa hai na kumtoa ndoana.

Chumvi: baada ya kila safari mota zinasuuzwa kwa maji baridi zikizungushwa kwa mkono, zinapulizwa hewa, zinapakwa mafuta mepesi. Bodi zimepakwa silikoni tangu Septemba na bado ni safi. Kilichooza ni skrubu za bei rahisi za mkono wa tatu. Zimebadilishwa kwa za chuma cha pua.

Mzee mmoja mwenye kontiki, jirani yetu wa ufukweni siku za Jumapili, alikuja kuangalia picha. Alizitazama muda mrefu, akavuta moja kwa vidole ikawa kubwa, akaniomba nimtumie. Kisha akahamisha kontiki yake mita 200 kusini. Tangu hapo tunagawana: yeye anatupa chambo, sisi tunampa ramani ya asubuhi.

Mwishoni mwa Januari

Fremu ya mikono sita inauzwa, pamoja na betri zake. Kwa mita 140 na uzi wa kusuka, kwenye upepo usiozidi mita 7 kwa sekunde, mvuto wa uzi haufiki gramu 150, na droni ya kilo moja na nusu yenye mikono minne inatosha. Najua nilichoandika Septemba kuhusu mota sita. Hesabu ile ilikuwa ya droni inayokaa juu ya maji kwa dakika nyingi; hii inakaa chini ya dakika moja kwenda na kurudi. Upepo ukizidi hapo tunaacha droni garini, na siku nyingine mfereji ukiwa karibu tunarusha kwa fimbo, baada ya picha.

Vilivyohamia kwenye fremu mpya: servo na pini, kibanio (sasa kilo 0.8, kwa kuwa droni ni nyepesi), kamera, na bodi. Kibanio nimekipima upya kikiwa kimelowa maji ya chumvi, na kinaachia chini kidogo ya kiwango cha kukavu, jambo ambalo ni salama zaidi kuliko kinyume chake.

Shemeji ameanza kurusha mwenyewe. Yeye haitazami skrini hata kidogo. Anarusha kwa kutazama mbinguni na kunisikiliza nikimwambia umbali, na anaidondosha ndani ya mita tano za pale tulipopanga.

Kinachosubiriwa ni kichujio cha kuondoa mng'aro kwa ajili ya kamera. Asubuhi jua likiwa nyuma yetu picha ni safi, lakini ufukwe huu unatazama magharibi, na kuanzia saa kumi jioni mfereji wote unageuka kioo cheupe kwenye picha. Kimeagizwa.